Vyumba Kumi na Gurudumu Moja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Karugendo anafanyiwa utafiti. Nimeipata habari hii saa tatu asubuhi kutoka kwa Karugendo mwenyewe, alipovuka barabara kuja kuazima ngazi. Kasema kuna dada wa chuo kimoja Bukoba mjini anasomea shahada ya uzamili ya menejimenti ya hoteli. Ameichagua gesti ya Karugendo iwe mojawapo ya tano atakazozichunguza Bukoba na Muleba. Alisema hivyo kama mtu anayetaja mvua ya jana. Nikampa ngazi. Sikumpa ile nzuri.

Siku moja mtu atalisoma daftari hili, kwa hiyo niweke mambo wazi. Mimi ni Audax Rutaihwa, mmiliki na mkurugenzi wa Rutaihwa Executive Lodge, Muleba mjini. Vyumba kumi. Kimoja na nusu vina maji ya moto (hiyo nusu ni chumba namba sita, ambako maji hufika yakiwa vuguvugu). Mke wangu Immakulata anapika, anapokea wageni, anashika daftari la vyumba na kusimamia ufuaji wa mashuka. Mimi nashughulika na maono.

Saa nne nikavuka barabara. Nikamkuta mtafiti kwenye baraza la Karugendo. Anaitwa Annastella, kwao Kanazi, ana miwani na sauti ya upole. Nikamweleza kwamba amekaa upande usio sahihi wa barabara. Akacheka kidogo. Akasema anachunguza jinsi michezo ya kubahatisha ndani ya nyumba za wageni inavyosaidia au kuharibu biashara. Karugendo ana mashine nne za dubwi, zile za kutumbukiza sarafu, kwenye chumba kando ya baa, na leseni yake imewekwa kwenye fremu ukutani. Annastella akaniuliza kwa heshima kama na mimi nina mchezo wowote, maana gesti ya tano alikuwa bado hajaipata.

Nikasema mchezo wangu unaingia Jumatano. Nilishangaa jinsi neno lilivyotoka bila shida.

Akauliza kama utaendelea kwa siku saba mfululizo, maana anahitaji takwimu za siku saba. Nikasema hata sabini. Akanipa fomu ya ridhaa, kurasa mbili. Nikatia sahihi bila kusoma. Mtu anayesoma sana fomu huonekana ana jambo.

Immakulata alikuwa anamenya ndizi. Aliuliza ni mchezo gani. Nikamwambia hilo ni suala dogo la utekelezaji. Akaendelea kumenya.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia wakala wa mashine za dubwi. Kanitajia leseni ya biashara, leseni ya mchezo, ukaguzi wa chumba, na wiki kadhaa za kusubiri. Nina siku moja.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilikaa nyuma ya jiko nikafikiri hadi saa sita. Ndipo nikaona. Kama mgeni halipi chochote ili acheze, hiyo si kamari. Ni ukarimu wenye bahati ndani yake. Leseni ya ukarimu haijawahi kutolewa na ofisi yoyote.

Nikaenda kwa Muhidini, fundi baiskeli wa pale stendi. Yuko kwenye mfungo, midomo imemkauka, lakini mikono yake haikosei. Nilimwambia nataka gurudumu la bahati: rimu ya baiskeli kubwa, ifungwe ukutani kwenye baraza, izunguke laini, na mshale uwe chini kwa sababu juu kuna paa. Akaja na rimu, akaifunga, akatia grisi. Akaizungusha mara kumi mbele yangu. Kila mara ilisimama mahali tofauti.

"Limekaa sawa, mzee," alisema. "Usiliongezee kitu kizito."

Alipoondoka nikaandika zawadi nane. Kikombe cha kahawa. Soda. Chapati mbili. Pakiti ya akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Sabuni. Mkungu wa ndizi. Jaribu Kesho. Na zawadi kuu: Usiku Mmoja Bure. Saba za kwanza niliandika kwenye vipande vya boksi. Zawadi kuu haiandikwi kwenye boksi. Nilichukua kipande cha mninga kilichobaki tulipotengeneza vitanda, unene wa vidole viwili, nikakipaka vanishi, nikachonga maandishi kwa patasi, nikakifunga kwa misumari na waya.

Ni kitu cha kupendeza sana. Karugendo hana mninga.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya Majivu. Immakulata amerudi kutoka misa ya asubuhi na alama yake usoni, akasimama mbele ya gurudumu. Kauliza kama sikuweza kusubiri Kwaresima ipite. Nikamweleza kwamba hakuna anayelipa, kwa hiyo hakuna dhambi, na kwamba utafiti haufuati kalenda ya kanisa. Akasema anakwenda kuwasha jiko.

Kanuni nimezibandika ukutani kwa maandishi makubwa. Moja: kila aliyelala hapa atazungusha mara moja kila asubuhi. Mbili: kila aliyekula sahani moja ya chakula chetu atazungusha mara moja. Annastella amezipiga picha.

Wageni wa jana walikuwa wawili tu: fundi wa minara ya simu, chumba namba mbili, na muuza vitabu vya dini kutoka Biharamulo, chumba namba saba. Fundi akazungusha. Gurudumu likaenda, likasitasita, likarudi nyuma kidogo, likasimama. Usiku Mmoja Bure. Nilimpa mkono mbele ya mtafiti. Muuza vitabu akazungusha. Usiku Mmoja Bure.

Watu wawili wa kwanza kushinda ni tangazo zuri kuliko redio. Annastella aliandika mistari mitatu. Nilijaribu kuisoma ikiwa imepinduka, nikashindwa.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi kashinda tena. Muuza vitabu naye. Mchana walikula watu watatu wa sokoni, wote wakashinda, wote wakachukua vyumba ingawa nyumba zao ziko mwendo wa robo saa kutoka hapa.

Saa tisa alifika shwenkazi Kokwijuka, dada wa marehemu baba yangu, kutoka Kaagya, akiwa na begi la nguo na mto wake mwenyewe. Ana miaka sabini na mmoja. Sijui habari ilimfikiaje. Aliagiza sahani ya maharage, ambayo ndiyo ya bei ya chini kabisa, akala nusu, akaenda kwenye gurudumu na kulisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayemwamsha mtoto. Akashinda. Akauliza chumba chenye maji ya moto ni kipi. Nikampa namba sita.

Kufikia magharibi vyumba vyote kumi vilikuwa vimejaa. Vyote. Tangu tufungue, miaka tisa iliyopita, haijawahi kutokea. Annastella anasema kitaalamu hicho kinaitwa kiwango cha ujazo wa vyumba, na changu leo ni asilimia mia. Nilimwomba alirudie neno hilo taratibu nilipate vizuri.

Nikavuka barabara. Karugendo alikuwa juu ya ngazi yangu, anabadilisha taa. Nikamwambia kumi kwa kumi. Akanitazama kutoka kule juu.

"Wanalipa?"

Nikamkumbusha kwamba wivu ni dhambi, na hasa Kwaresima. Nikaondoka. Nililala usingizi mzito.

Ijumaa, 7 Machi

Wageni kumi, mizunguko kumi, Usiku Mmoja Bure mara kumi. Walijipanga foleni wakiwa na miswaki mkononi. Shwenkazi alikuwa wa kwanza.

Baada ya chai Immakulata kaniita jikoni, kafunga mlango. Alikuwa na mambo mawili.

La kwanza: kwamba gurudumu halizunguki, linaanguka. Ule mninga ni mzito kuliko zawadi nyingine zote zikiunganishwa, kwa hiyo kila mara unashuka chini, na chini ndiko uliko mshale. Alisema hata kuku ameshaliona.

La pili: kwamba Jumatatu wanakuja maafisa ugani wa kahawa, kwa semina ya siku nne. Vyumba kumi, pamoja na chakula cha asubuhi, mchana na jioni. Amefuatilia jambo hilo tangu Krismasi, kwa simu na kwa miguu, na leo chama chao cha ushirika kimethibitisha. Aliposema hivyo sauti yake ilibadilika. Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo tangu mwaka tuliofungua.

Nilifurahi, na nilimwambia hivyo. Kuhusu lile la kwanza, nilimhakikishia kwamba mkurugenzi analishughulikia. Nilitafuta kufuli kubwa, lile la lango la zamani, nikalifunga upande wa pili wa gurudumu ili uzito ulingane. Hesabu rahisi. Nikazungusha mara moja. Halikusimama kwenye mninga. Tatizo limekwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Kufuli ni zito kuliko mninga.

Nimegundua hilo kuanzia mgeni wa kwanza hadi wa kumi. Kufuli lilikuwa limekaa sawasawa na zawadi ya Mkungu wa Ndizi, na kila mtu alishinda mkungu wa ndizi. Immakulata alikuwa sokoni. Wageni walisimama wakinitazama, na Annastella alisimama na kalamu. Nikachukua panga nikaingia kibanjani, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba. Ukoo wa Rutaihwa hauandiki ahadi ukutani halafu ukajificha.

Saa nne walikuja watu wa kula maharage. Kumi na wanne. Wote mikungu. Mpaka saa tano nilikuwa nimekata ishirini na minne, na mingine ilikuwa bado michanga, niseme ukweli.

Immakulata alirudi saa tano na nusu akiwa na kapu la nyanya. Alipita moja kwa moja hadi kibanjani. Nilimwona akisimama katikati ya migomba iliyokatwa. Zilikuwa ndizi za semina. Alikuwa amezihesabu moja moja, siku ya kukata kila mkungu ameiweka kichwani. Annastella akamfuata, wakakaa huko muda mrefu wakizungumza. Sikuwasogelea. Utafiti una mambo yake.

Aliporudi alifungua kufuli kutoka kwenye gurudumu akalitia mfukoni mwa aproni.

Basi wageni, ambao asubuhi walikuwa wamepata ndizi badala ya kulala, wakala maharage mchana na kuzungusha kwa mujibu wa kanuni ya pili. Mninga ukashuka. Vyumba kumi kwa kumi, tena.

Jumapili, 9 Machi

Immakulata alizungumza nami baada ya misa, kwa utulivu. Alisema: funga mchezo leo, wageni waondoke, tufue mashuka, kesho tuwapokee maafisa. Jambo jepesi.

Najua ni jambo jepesi. Lakini leo ni siku ya tano. Annastella anataka saba, Jumatano mpaka Jumanne. Nikifunga leo natolewa kwenye utafiti, na Karugendo anabaki. Nilimwendea Annastella nikamuuliza, kwa mfano tu, kama kitaalamu siku tano hazikaribiani na saba. Akasema hazikaribiani. Akaongeza kwamba niko huru kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Imeandikwa kwenye fomu niliyotia sahihi.

Nikamwambia sisi hatujitoi.

Alivua miwani akaifuta. "Mzee Audax," alisema, "utafiti si mashindano."

Nimeiandika sentensi hii ili niitafakari nikipata nafasi.

Jioni nilikuwa na suluhisho. Nimekodi turubai kubwa la harusi na magodoro kumi. Maafisa watalala uani kwa siku mbili tu, mpaka Jumanne ipite, kisha watahamia vyumbani. Watu wa kahawa wamezoea shambani. Nilimweleza Immakulata nikiwa nimejaa matumaini.

"Maafisa walale kwenye turubai la harusi?" aliuliza.

Nikamkumbusha magodoro.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ilianza saa mbili. Saa tatu turubai lilikuwa limejaa maji katikati kama tumbo la ng'ombe. Saa nne magari mawili yakasimama mbele ya lango.

Nilikuwa uani nasukuma maji kwa ufagio, kwa hiyo aliyewapokea ni shwenkazi Kokwijuka, kutoka barazani, akiwa amejifunga taulo letu kichwani. Aliwaambia nyumba imejaa, waitu, yaani jamani, lakini wakila maharage wanaweza kubahatika. Kiongozi wao, mama mmoja mrefu mwenye faili, alikuja kuangalia uani. Alilitazama turubai. Alinitazama. Akauliza kama hapa ndipo mahali alipoahidiwa na Bi. Immakulata. Nilianza kumweleza kuhusu ujazo wa vyumba. Akasema samahani, ana watu kumi waliolowana.

Wakavuka barabara.

Baadaye Karugendo alikuja na mwavuli kuniuliza kama sitakwazika akiwapokea. Alisema kama nataka atawaambia wasubiri. Nikasema hapana, hakuna neno. Angekuwa na majivuno ningejua la kufanya. Hakuwa nayo.

Immakulata alikuwa amesimama mlango wa jiko tangu mwanzo. Sufuria tatu zilikuwa motoni nyuma yake. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

"Audax," alisema, "miaka tisa naamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya nyumba hii. Sijawahi kukuomba chochote. Nimekuomba kitu kimoja, jana, baada ya misa."

Nikamwambia zimebaki siku mbili tu, leo na kesho.

"Basi zimalize."

Alichukua kapu lake na koti la mvua. Amekwenda kwa mama yake, Rubafu. Ni mbali, hadi Bukoba mjini na kupita. Nilisimama langoni mpaka gari likapotea. Mvua ilinyesha na sikuliona hilo mpaka shwenkazi aliponiita niingie ndani.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya saba. Nimepika chai ya watu kumi na wanane (baadhi ya wageni wameleta wageni). Gesi iliisha saa mbili kasoro. Kuni zilikuwa mbichi. Uji ulikuwa tayari saa tano, na juu ulikuwa moto, chini ulikuwa unga. Mayai sitayaeleza.

Fundi wa minara ya simu aliacha kijiko, akafunga begi. Alinishukuru kwa siku zote, akasema hata cha bure kina mpaka wake. Muuza vitabu alimfuata, akaniachia kijitabu kuhusu uvumilivu. Saa nane mchana walikuwa wameondoka wote isipokuwa shwenkazi.

Alikuwa ameketi barazani, mto wake mapajani.

"Baba yako alikuwa hivi hivi," alisema. "Mama yako alirudi kwao mara nne. Lakini baba yako alimfuata siku hiyohiyo, kila mara, kwa miguu. Wewe unangoja nini hapa?"

Nikasema nangoja vipimo vya mwisho.

Akatikisa kichwa. Akasema yeye alikuja kwa sababu Kaagya amebaki peke yake na nyumba ni kubwa, na hapa palikuwa na Immakulata wa kuongea naye jikoni. Sasa hakuna. Anarudi kesho.

Saa kumi Annastella alifika. Aliandika, akafunga daftari, akasema siku saba zimetimia na takwimu zangu ni za thamani kubwa sana kwake. Alinialika Bukoba Alhamisi ya wiki ijayo kusikiliza matokeo ya awali. Nilisimama wima mpaka alipoondoka. Nimeshinda. Nimemaliza nilichoanza.

Kisha nikaingia jikoni kumwambia Immakulata. Miguu ilikuwa imesahau. Jiko lilikuwa la baridi, aproni bado iko mezani, imekunjwa.

Nimempigia mara sita. Hapokei.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda Bukoba kwa gari la Karugendo. Alijitolea mwenyewe. Nilivaa suti ya harusi.

Ukumbi wa chuo ulikuwa na watu kama thelathini: wahadhiri, wanafunzi, na wenye gesti wengine watatu. Annastella alisimama mbele na picha zikawa zinaonyeshwa ukutani. Nilisubiri kusikia jina la Rutaihwa Executive Lodge. Halikutajwa. Wala la Karugendo. Kumbe utafiti huficha majina. Kila gesti ilikuwa na herufi tu: Hoteli A, Hoteli B, mpaka E. Kwa nusu saa nzima sikujua mimi ni nani.

Halafu ikaja picha ya gurudumu.

Mimi ni Hoteli B. Annastella alieleza kwamba Hoteli B ndiyo pekee kati ya zote iliyofikia ujazo wa asilimia mia, na iliyoudumisha kwa siku tano mfululizo. Watu wakaandika. Aliendelea kueleza kuhusu mapato katika siku hizo, na kuhusu mteja mkubwa aliyepotea, lakini hapo nilikuwa bado naifurahia ile sehemu ya kwanza. Baadaye mhadhiri mmoja mzee aliuliza swali kuhusu Hoteli B. Mwingine akauliza kuhusu Hoteli B. Kulikuwa na kicheko mara mbili, cha watu wanaovutiwa. Kuhusu Hoteli D, yaani Karugendo, hakuna aliyeuliza lolote. Ilitajwa kuwa ina wastani mzuri na kumbukumbu safi, basi.

Mwishoni Annastella alionyesha maneno ya mshiriki mmoja wa Hoteli B, bila jina: "Mimi sina shida na gurudumu. Shida yangu ni kwamba mume wangu anataka aonekane na watu wasiomjua, na mimi niliye naye kila siku nimesubiri anione." Nilitazama viatu vyangu. Karugendo, kwa wema wake, alitazama vya kwake.

Nilimwambia Karugendo arudi Muleba peke yake. Nikapanda gari la Rubafu.

Immakulata alikuwa nje, anachambua maharage na mama yake. Mama mkwe aliitikia salamu yangu akaingia ndani na ungo wake. Niliketi chini, nikiwa na suti. Nilimwambia nimeyasoma maneno yake ukutani. Akauliza yaliandikwaje. Nikayasema yote, sikukosea hata neno. Nikamwambia kwamba nilipaswa kufunga mchezo ile Jumapili, na kwamba nilipaswa kuja siku ileile, kwa miguu. Aliendelea kuchambua maharage kwa muda. Kisha akasogeza kiti chake kidogo, nikapata nafasi ya kuegemea ukuta.

Atarudi. Sharti ni moja: funguo za vyumba na maamuzi yote ya wageni yako kwake, na mimi siahidi mtu yeyote kitu chochote bila kumuuliza. Nimekubali papo hapo, na nimekubali kwa moyo.

Jumamosi, 22 Machi

Immakulata yupo nyumbani. Jiko linawaka. Jana alimpigia yule mama wa maafisa ugani akamwomba radhi, na ameahidiwa semina ya Juni. Gurudumu amelirudisha kwa Muhidini, ule mninga ameufanya ubao wa kukatia nyama. Sikupinga. Mtu mwenye akili hujua kuachia mambo madogo, na mimi nilikuwa na kazi kubwa zaidi.

Leo asubuhi, alipokuwa sokoni, nilimleta mchoraji wa mabango. Amemaliza saa sita. Bango letu la barabarani sasa linasomeka hivi: RUTAIHWA EXECUTIVE LODGE. TUMEPATA ALAMA B KATIKA UTAFITI WA SHAHADA YA UZAMILI. Herufi B ni nyekundu, urefu wa mkono, na ukiwa upande wa Karugendo unaiona vizuri sana.

Immakulata aliporudi alisimama chini yake na kapu. Alinieleza, taratibu kabisa, kwamba zile herufi si alama za mtihani. Annastella alizigawa tu, ili kuficha majina. Nikamjibu kwamba Karugendo naye amekuja kuniambia maneno hayohayo, na kwamba mtu aliyepata D hawezi kusema vinginevyo.

Ameingia ndani na funguo zake.

Nimemwandikia Annastella barua ya kumwomba arudi kutuchunguza tena mwakani. Nimeituma bila kumsumbua Immakulata, kwa kuwa si ahadi, ni ombi. B ni nzuri kwa anayeanza. Safari ijayo nataka A.